Ubunifu wa Mtoto Nyumbani

Ubunifu ni nguvu ya akili ionayo kitu kabla ya jicho kukiona. Kila mtoto huzaliwa na fungu lake. Wengi hulipoteza mapema, tena mara nyingi hulipoteza mikononi mwa watu wawapendao.

Mwezi wa Machi, 2020, shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Madarasa matatu yalirudi shuleni mwezi wa Oktoba. Mengine yalikaa nyumbani hata Januari, 2021. Masomo yalitangazwa redioni, lakini siku zilikuwa ndefu kuliko vipindi. Basi mimi, mwalimu wa darasa kubwa, nikawa mwalimu wa watoto wawili barazani: binti yangu wa miaka minane na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja.

Jioni moja nilisema, "Kitendawili!" Wakaitika, "Tega!" Nikatega, "Nyumba yangu haina mlango." Mpwa wangu alijua kuwa ni yai. Binti yangu alimtangulia, akasema, "Kaburi." Mwenzake akaangua kicheko. Nilimnyamazisha, nikamwuliza binti sababu yake. Alijibu kwamba aingiaye humo hatoki, basi mlango ni wa nini? Babu yake alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na kwa amri za wakati ule waombolezaji walikuwa wachache, yeye hakuwamo. Kwa majuma manne hakuwa amesema neno juu ya msiba ule. Usiku huo tulizungumza habari za babu mpaka taa ikazimwa. Yai lilingoja hata kesho yake, wala halikuharibika.

Wazee waliotuachia mchezo huu walikuwa walimu hodari. Ategaye kitendawili hana ruhusa ya kutoa jibu mpaka wenzake washindwe na kumpa mji. Jibu lina bei, na kukisia kuna heshima. Mkubwa atoaye jibu kabla ya mtoto kufikiri humnyang'anya mji na raha ya kuutafuta.

Mikono nayo hufikiri. Mpwa wangu aliunda gari la waya, akakata magurudumu katika kandambili kuukuu. Nilimpa uzi apime mzingo wa gurudumu, kisha apime kipenyo chake. Aliona kwamba mzingo ni kipenyo mara tatu na kidogo zaidi. Alipima sufuria, akapima sahani, na kile kidogo hakikumwacha. Aliuliza, "Nani aliwaambia vyote vifanane?" Swali kama hilo ndilo mlango wa hisabati.

Wako wasemao kwamba malezi ya namna hii huzaa watoto watundu wasiotii kanuni. Sikubaliani nao. Hesabu yenye kosa sharti isahihishwe, na neno liendelezwe kwa herufi zake. Lakini kosa husahihishwa baada ya kusikilizwa. Mtoto aliyechekwa mara tatu hatakisia mara ya nne. Atangoja kuambiwa, na huenda akangoja maisha yake yote.

Wewe usomaye maneno haya huenda una wadogo nyumbani. Likizo ijayo, kabla hujawafundisha lolote, watege kitendawili kimoja. Jibu likikushangaza, uliza sababu, kisha nyamaza usikilize.