Kadi ya Agogo

Kabla ya kurudi kambini, familia yetu ilipanga vyumba viwili Chinsapo, mtaa wenye msongamano jijini Lilongwe. Baba aliuza vitenge sokoni. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi, ambaye ujanani alifanya biashara ya mchele Mbeya na huko akajifunza Kiswahili. Tulimwita Agogo, yaani babu, kama wenyeji wanavyowaita wazee. Yeye ndiye aliyenifundisha historia ya nchi iliyotupokea, na kila alipoanza aliishia kwa mtu mmoja: Chakufwa Chihana.

Chihana alitoka Kaskazini kama yeye. Alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na alikwisha kufungwa miaka mingi bila kesi katika utawala wa Kamuzu Banda, ambapo chama kilikuwa kimoja tu, MCP. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki walitoa barua ya kuikosoa serikali, ikasomwa makanisani. Mwezi uliofuata, tarehe 6 Aprili, Chihana alirudi kutoka nje akijua kinachomngoja. Alishuka kwenye ndege Lilongwe, akaanza kusoma hotuba yake, akakamatwa palepale.

"Mjukuu wangu," Agogo aliniambia, "siku hizo hata ndani ya nyumba tulinong'ona. Yeye alisoma kwa sauti."

Chihana alihukumiwa kifungo kwa uchochezi. Alitoka Juni 1993, siku chache kabla ya kura ya maoni ambayo Wamalawi waliitumia kuchagua mfumo wa vyama vingi. Katika uchaguzi wa 1994 chama chake, AFORD, kilichukua viti vyote 33 vya Kaskazini, lakini mikoa mingine karibu haikumpa kitu. Alishika nafasi ya tatu, na Bakili Muluzi wa UDF akawa rais. Agogo alikuwa na kadi ya AFORD, ameiweka ndani ya Biblia yake ya Kitumbuka.

Siku moja nilimuuliza kwa nini haionyeshi kwa watu. Akanisimulia nusu ya pili. Mwaka uleule wa 1994 Chihana aliingia serikalini, akawa Makamu wa Pili wa Rais. Mwaka 1996 akatoka. Mwaka 1999 akawa mgombea mwenza wa Gwanda Chakuamba kwa ushirikiano na MCP, chama kilekile kilichotawala alipofungwa. Wakashindwa. Mwaka 2003 akarudi tena kwa Muluzi, kwenye cheo kilekile. Alifariki Afrika Kusini Juni 2006. Agogo na mdogo wake waligombana juu ya jambo hilo, mmoja akisema mzee ameuza Kaskazini, mwingine akisema Kaskazini peke yake isingeweza kutawala, basi afadhali awe ndani. Hawakusemezana miaka mitatu.

Mimi nilicheka. Niliona ni mambo ya wazee.

Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, wilaya ya Dowa. Tulipakia magodoro na vitenge vilivyobaki. Tulipopita njia ya kuelekea kiwanja cha ndege nilimkumbuka Chihana. Tena Dzaleka yenyewe, kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, ilikuwa gereza ambamo Banda aliwafungia wapinzani wake. Tunalala mahali walipolala watu waliothubutu kusema.

Kambini Baba hakunyamaza. Majina ya baadhi ya familia yalikuwa hayaonekani kwenye orodha ya msaada, naye alisimama kila mkutano kuuliza. Watu walimpigia makofi, nami nilitembea kifua mbele. Kisha akaombwa kuingia kwenye kamati, akakubali. Wiki haikuisha, rafiki yangu akaniambia kwenye foleni ya maji, "Baba yako sasa anakula nao." Sikumjibu. Nilichukua ndoo yangu nikaondoka, na nyumbani nilikula chakula bila kumtazama Baba usoni. Miezi miwili nilimsalimu tu.

Nilipopata nafasi ya kwenda mjini nilipita Chinsapo, nikamweleza Agogo. Nilitegemea anitulize. Alisema, "Mimi Chihana sijamsamehe. Lakini kadi sijaichoma. Na wewe, umemuuliza baba yako?"

Sikuwa nimemuuliza.

Jioni ile niliporudi nilimuuliza. Baba alitoa daftari. Alikuwa ameandika familia kumi na nne. Tano zilikuwa zimerudishwa kwenye orodha, amezitia alama. "Nilipopiga kelele nje, halikurudi hata moja," alisema. Halafu akanyamaza, akaongeza, "Lakini kuna kikao kimoja nilipaswa kusema, sikusema. Niliogopa kuondolewa kabla sijamaliza hizi tisa." Sikujua nimshukuru au nimlaumu. Nilimwomba anisomee majina.

Katika darasa letu tumezoea kuwagawa wanasiasa wa upinzani mafungu mawili, mashujaa na wasaliti. Maisha ya Chihana hayaingii katika fungu lolote kati ya hayo, na kwa maoni yangu hatuna haki ya kuyapunguza ili yaingie. Vyeo vya baadaye havifuti alichofanya kiwanjani, kwani watu walikoma kunong'ona. Wala ujasiri wa siku ile haumpi msamaha kwa wapiga kura wake waliobaki bila chama cha kuwasemea. Anayemhukumu ahesabu yote mawili, na kwanza aulize.

Yule rafiki yangu bado tunakutana kwenye foleni ya maji. Juzi nilimwambia habari ya zile familia tano. Nilimwambia pia habari ya kile kikao.