Kuifuata Paketi Kinyumenyume, Kawangware hadi Kibera

Wasomaji wangu, leo tuzungumze habari za njia. Sisemi Barabara ya Ngong na foleni zake, nasema njia za paketi ndani ya mtandao, ambazo nazo zina vituko vyake.

Nairobi ina historia na jambo hili. Kabla ya KIXP, barua pepe ya mtu wa Kibera kwenda kwa jirani yake anayetumia kampuni nyingine ya intaneti ilipanda setilaiti, ikatua ng'ambo, kisha ikarudi. KIXP ilifunguliwa Novemba 2000 ili kampuni zibadilishane data hapa hapa. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha data ya kimataifa, ikalalamika, na CCK ikaifunga wiki chache baadaye. Ilirudi Februari 2002, na safari ya milisekunde 1,200 hadi 2,000 ikashuka hadi 60 au 80. Ramani ilikuwa ile ile. Njia tu ndiyo iliyobadilika.

Sasa kisa changu. Tunarusha masomo ya kompyuta kwa video kutoka kituo cha vijana Kibera, upande wa Olympic, hadi darasa dogo Kawangware lenye wanafunzi 20. Ni kilomita chache tu, na antena zetu mbili zinatazamana juu ya mapaa. Kama seva ingetuma nakala 20, kiungo kingejaa kabla mwalimu hajasema hamjambo. Kwa hiyo tunatumia multikasti: video inatumwa mara moja kwa anwani ya kikundi (kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255), na ruta zinatoa nakala pale njia inapogawanyika. Steve Deering aliandika kanuni zake mwaka 1989, kwa hiyo wazo hili linawazidi umri wanafunzi wetu wote.

Jumatatu moja, baada ya stima kupotea usiku, simu ikalia.

"Injinia, huku ni giza tupu. Na vijana wana mtihani Ijumaa."

"Nakuja nayo, mwalimu. Waambie wasiondoke."

Hawa si watu wa kuambiwa wakatazame video nyumbani. Bando la video ni pesa ya unga.

Ping ilijibu. Traceroute ilijibu. Hapa ndipo wengi hukwama na kuanza kulaumu kamera. Traceroute, kazi ya Van Jacobson ya mwishoni mwa miaka ya 1980, inaonyesha njia ya kwenda kwenye kompyuta moja, lakini multikasti inaelekea kwa kundi zima. Basi unaanzia mwisho. Amri ya mtrace inaenda kwa ruta iliyo karibu na mpokeaji na kuiuliza: wewe, ukitaka kumfikia mtumaji, ungepitia wapi? Ikijibu, swali hilo hilo linapelekwa kwa ruta inayofuata, hivyo hivyo hadi kwenye chanzo. Fundi wa maji hufanya vivyo hivyo: anaanza kwenye mfereji uliokauka, anapanda kuelekea tangi.

Ruta ya Kawangware ilijibu kwamba ingepitia njia ya akiba, ile tunayolipia kwa mtoa huduma ili itufae antena zikizima. Stima iliporudi, ruta iliwaka mapema kuliko antena, ikashika njia ya akiba na kuing'ang'ania. Kwa data ya kawaida hakuna shida, ndiyo maana ping ilitabasamu. Lakini ruta ya multikasti huomba video kupitia upande ule ule ambao ingetumia kumfikia mtumaji. Ombi likaenda kwenye njia ya akiba, ambako multikasti haipitishwi, likafia huko. Antena zilikuwa nzima, zikitazamana bure.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye ruta: kwa multikasti ya kutoka Kibera, upande wa mtumaji ni antena, hata kama data nyingine inapita kwingine. Mtrace ya pili ilipanda hadi kwenye seva bila kusimama, na somo likaendelea saa nne na robo.

Mkijaribu haya kwenu, wanafunzi waunganisheni kwa kebo. Kwa kawaida Wi-Fi hurusha multikasti kwa kasi yake ya chini na haisubiri jibu kama paketi imefika, kwa hiyo picha itakatikakatika hata njia ikiwa safi. Kuvuta kebo kwenye kuta za mabati nitakueleza siku nyingine, ni hadithi yenye vumbi.