Kiti cha Baisikeli Kinapolia

Mwenye baisikeli ya kiti cha ngozi hujulikana kabla hajaonekana. Kila akikanyaga, kiti hulia chini yake, na akipanda kilima na gunia la mahindi nyuma, kilio huzidi. Wazo la kwanza limjialo ni mafuta. Huchukua chupa akakinywesha kiti mpaka kikatota, na kesho yake asubuhi kinalia vile vile. Hapo ndipo hasara huanza.

Yafaa kujua kwanza kiti hicho kimefanywaje. Ni kipande kimoja cha ngozi nene ya ng'ombe, kilichowambwa juu ya chuma mfano wa ngoma, kikapigiliwa misumari mbele na nyuma. Hakina mto ndani yake. Nguvu yake yote ni kule kukazwa. J. B. Brooks wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya kiti cha ngozi katika mwaka 1882, na viti vya jinsi hiyo vingali vikitengenezwa.

Basi ngozi ikinyweshwa mafuta mengi hulainika, ikabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mwenyewe akiona hivyo huikaza nati ya mbele kwa nguvu zake zote, na ngozi hupasuka penye misumari. Hakuna spana iwezayo kuponya ufa huo.

Walakini mara nyingi ngozi haina kosa. Kinacholia ni chuma. Mtu mwenye subira huisimamisha baisikeli, akakibonyeza kiti kwa kiganja huku akitega sikio. Sauti ikitoka penye kibano kinachokishika kiti, hukifungua, akafuta vumbi na kutu, akapaka grisi kidogo, akakaza sawasawa pande zote mbili. Ikiwa bado, hutia alama ya kimo, akalichomoa bomba la kiti katika fremu, akalipangusa na kulipaka grisi nyembamba, kisha akalirudisha mpaka penye alama. Springi nazo hutaka tone moja la mafuta ya cherehani pale zinapoungana na chuma, wala si zaidi.

Hayo yote yakiisha na kilio kingalipo, ndipo ngozi itazamwe. Iliyokauka hupakwa kwa kitambaa mafuta mazito ya ngozi, kidogo sana, ikaachwa usiku kucha. Iliyolegea huzungushiwa nati ya mbele robo tu, kisha mtu aendeshe siku kadhaa kabla ya kuigusa tena. Iliyonyeshewa hukaushwa kivulini polepole, mbali na jua na moto, wala haifai kukaliwa ingali na maji.

Taabu hii si bure. Mnyororo ukikatika au tairi likichakaa, jipya hufanya kazi siku ile ile. Kiti cha ngozi sivyo: huchukua umbo la mwenyewe mwezi baada ya mwezi, hata akakaa juu yake pasipo kukikumbuka. Kikipasuka, kingine kitapatikana dukani, lakini kitakuwa kigumu kama ubao, na ile miezi hainunuliwi kwa fedha. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ndivyo alivyo mtu anayekimbilia chupa ya mafuta ili kiti kinyamaze upesi.