Afande wa mguu mmoja

Nimekuwa kimya, si mnajua tena, test zimefuatana. Wiki hii kwenye kozi ya elimu jumuishi mhadhiri alitukumbusha kuwa si mtoto mwenye ulemavu anayetakiwa kujibana aenee darasani, darasa ndilo linalotakiwa kujipanga limpokee. Wote tukaandika. Mimi nikabaki nawaza, na kazini je? Na polisi je?

Nawaza hivyo kwa sababu kwetu Lupiro, ukishavuka Mto Kilombero kutoka Ifakara, nina baba mdogo aliyekuwa polisi mkoa mwingine. Usiku mmoja wakiwa doria gari lilipinduka, ikabidi akatwe mguu. Mwenyewe akaomba kurudi nyumbani. Sasa kule kwetu kesi za ng'ombe kuingia kwenye mpunga haziishi, na watu wanaanzia kwake. Anasikiliza pande zote, anauliza nani aliona na saa ngapi, kisha anawaelekeza wakifika kituoni waseme nini. Huo si upelelezi jamani? Kilichokatwa ni mguu tu.

Askari akiuawa tunalia wote. Stakishari pale Dar, Julai 2015, walikufa polisi wanne. Kibiti, Aprili 2017, wanane kwa mpigo. Ila anayenusurika na ulemavu hana siku ya kuagwa. Mtaani anabaki "yule aliyekuwa polisi", basi.

Na si suala la huruma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 27 kinawataja hata waliopata ulemavu wakiwa kazini. Sheria yetu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Hata Uingereza walichelewa: sheria yao ya kuzuia ubaguzi ilitungwa 1995, lakini polisi walianza kulindwa nayo Oktoba 2004.

Kuna atakayesema polisi lazima awe fiti. Sawa, wa kukimbiza vibaka awe fiti. Lakini nani kasema kazi yote ni mbio? Kuna kuandika maelezo, kutoa PF3, redio, Dawati la Jinsia na Watoto, kufundisha makuruta. New York, Steven McDonald alipigwa risasi Julai 1986 akapooza kuanzia shingoni. Alibaki afisa wa polisi hadi alipofariki Januari 2017, na alizunguka mashuleni akiongea na wanafunzi kuhusu kusamehe. Sisi walimu watarajiwa tungempokea kwa mikono miwili!

Halafu fikirieni ngazi za vituo vyetu. Ukijenga njia ya kiti cha magurudumu kwa ajili ya afande, mama mwenye ulemavu anayekuja kuripoti kipigo naye atapita hapo hapo. Na akimkuta kaunta askari mwenye gongo, nadhani ataongea bila woga.

Nikienda likizo nitamuuliza baba mdogo: wangekupa meza na faili, ungebaki? Nahisi jibu nalijua, ila nataka alitamke yeye.

Mwasemaje wadau? Hasa nyie wa sheria, msijifiche. Ngoja niwahi kantini, maharage yakiisha hapa ni kilio.