Bandu Bandu Huisha Gogo

Hapa Olmotonyi, ambako Chuo cha Misitu kipo, mwanafunzi hufundishwa kupima unene wa mti mita 1.3 kutoka ardhini, na mwakani arudi palepale. Jicho halioni mti ukikua. Daftari ndilo linaloona.

Bunduki yangu ya shabaha naitunza kwa utaratibu huo huo. Mtutu wa bunduki huanza kuliwa kooni, pale risasi inapotoka chumbani na kukutana na mwanzo wa mifuo. Gesi ya baruti, yenye joto la nyuzi zaidi ya 2,000, hukichoma chuma hapo kila ifyatuliwapo, hata kikatoka nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya kenge. Mwanzo wa mifuo husogea mbele kidogo kidogo. Ukipiga mfululizo mtutu ukiwa moto, unaharakisha maangamizi.

Mtutu ulipokuwa mpya nilisukuma risasi taratibu hadi ikagusa mifuo, nikaandika urefu. Kila baada ya risasi 200 hupima tena, kwa risasi ya aina ile ile. Kipimo cha leo hakina maana bila kile cha kwanza.

Asiye na daftari, matundu yakitawanyika kwenye shabaha, hulaumu upepo au baruti. Mimi umri umekwenda, na macho si ya ujanani. Siku yangu yatakapotawanyika, nitataka kujua kwa haki kilichochakaa ni mtutu, au ni mimi.