Feni Iliyokataa Kuzunguka

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanaijua pikipiki ya miguu mitatu yenye tela nyuma, ile tuiitayo guta, maana hakuna mtaa wa Songea usiopitiwa nayo. Mjomba wangu anayo moja, na chakula cha nyumba yake, pamoja na madaftari yangu mimi, hutoka humo. Likizo ya Juni iliyopita nilikaa kwake Lizaboni, na habari hii ilitokea huko. Nitaisimulia kama ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini pikipiki iwe na feni. Pikipiki nyingi za abiria hupoa kwa upepo tu: injini ina mapezi ya chuma, na upepo huyapiga inapokwenda. Guta ni kitu kingine. Hubeba magunia, hupanda mlima polepole kama mzee mwenye mkongojo, na injini imejificha mahali ambapo upepo haufiki vizuri. Kwa hiyo guta la mjomba lina maji yanayozunguka ndani ya injini na kupita katika rejeta, na nyuma ya rejeta ipo feni ya umeme. Feni hii haizunguki wakati wote. Iko swichi ndogo iliyofungwa katika njia ya maji. Maji yakipata moto wa kutosha swichi huunganisha umeme, yakipoa huukata. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana ndilo lililonificha kwa siku nne.

Siku ya Ijumaa dereva wa mjomba, kaka mmoja jirani yetu, alikwenda upande wa Peramiho kuchukua mahindi, nami nikapanda nyuma kama mpakiaji. Kwenda tulikwenda salama, tela tupu, na baridi ya Juni ikitukata masikio. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Tulipoanza kupanda na magunia yetu, mshale wa joto nao ukapanda, hata ukagusa alama nyekundu. Tukasimama kando ya barabara. Harufu ya moto ilikuwa nyingi, na feni kimya kabisa.

Mara simu ikalia. Mjomba aliuliza tuko wapi, kwa kuwa mnunuzi alikuwa karibu kufunga mzani. Kaka akamwambia, “Mzee, imechemsha.” Mjomba akajibu, “Ongeza maji, uje.” Basi kaka akakunja tambara, akashika kifuniko cha rejeta, akakizungusha.

Mji wetu uko juu ya bahari zaidi ya meta 1,100, na hapa maji ya sufuria huchemka yakifika kama nyuzi 96 za sentigredi, si 100. Lakini katika rejeta kifuniko huyabana, yakapita joto hilo bila kuchemka. Ukikifungua, mbano huondoka na maji huchemka yote kwa ghafula. Kaka alilijua hilo kwa mikono kuliko mimi nilijuavyo kwa kitabu, lakini mtu aliyeharakishwa husahau. Mvuke ulimchoma mkono wa kuume toka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Nilimwagia maji yetu yote ya kunywa juu ya mkono ule, naye akawa anasema polepole tu, “Mwaga, mdogo wangu, mwaga.”

Jioni guta lilifikishwa nyumbani kwa kuvutwa. Fundi mmoja akaja, akalitazama kwa muda mfupi sana, akasema feni imekufa na lazima inunuliwe mpya. Mjomba, kwa hasira ya mzani uliofungwa, akasema bei ya feni itakatwa katika ujira wa dereva, kwa sababu alilazimisha mzigo. Kaka alikuwa ameketi barazani, mkono umefungwa bendeji. Alisema, “Sawa, mzee,” basi.

Mimi nilimwomba mjomba aniruhusu kuipima feni kabla hajatoa fedha. Akanitazama. “Wewe? Haya, lakini usiniongezee hasara.”

Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilifungua kifuniko nikajaza maji. Kisha nikatoa fyuzi. Waya wake ulikuwa mzima. Nikachomoa waya mbili za ile swichi ya joto nikazigusanisha, ufunguo ukiwa umewashwa. Kama swichi peke yake ndiyo iliyoharibika, feni ingezunguka. Haikuzunguka. Hapo nilikata tamaa kidogo, nikaona labda fundi amesema kweli. Lakini nikachukua waya mbili ndefu, nikazitoa moja kwa moja kwenye betri mpaka kwenye feni. Ikavuma kwa nguvu hata kuku wakakimbia! Feni ilikuwa nzima.

Furaha yangu ilikuwa kubwa, na haikudumu. Nilikuwa nimetengeneza taa ya kupimia kwa balbu ndogo ya indiketa na waya mbili. Nikazigusanisha tena waya za swichi, nikafunga mguu mmoja wa taa kwenye hasi ya betri, na mwingine nikaugusisha kwenye waya unaopeleka umeme katika feni. Taa ikawaka. Umeme, basi, ulikuwa ukifika. Nikageuza: mguu mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye bolti inayoufunga ule waya mweusi, waya wa kurudisha umeme kupitia chuma cha chasisi. Giza. Mwalimu wetu wa fizikia husema umeme usio na njia ya kurudi hauendi popote, nasi huandika tu maneno hayo na kuyasahau.

Nikaifuata ile bolti kwa macho. Ilikuwa ya buluu.

Jumatatu ile nilipofika kwa mjomba niliona kutu katika chasisi, nikataka kumfurahisha. Nililegeza bolti, nikauweka waya kando, nikapaka rangi ya buluu hata ndani ya tundu, na bolti yenyewe nikaichovya ipendeze. Rangi ilipokauka nikafunga vyote kama vilivyokuwa. Mjomba alinisifu mbele ya watu. Nami sikujua kuwa rangi haipitishi umeme; au tuseme nilijua darasani, sikujua uani. Siku zilizofuata guta lilibeba mizigo midogo ya mjini katika baridi, maji hayakufika joto la kuiamsha feni, na kosa langu likakaa limelala.

Nilikaa chini kando ya gurudumu. Nakiri kwamba wazo la kwanza halikuwa zuri. Ningeweza kuikwangua rangi kwa msasa, nikamwita mjomba aione feni ikizunguka, nikasifiwa mara ya pili. Hakuna ambaye angejua. Lakini kaka alikuwa pale pale barazani, akijaribu kunywa uji kwa mkono wa kushoto.

Nikaenda nikawaita wote wawili, nikawaonyesha bolti kabla sijaigusa, nikasema nani aliyeipaka. Mjomba hakunena kitu kwa kitambo. Kaka ndiye aliyeanza kucheka, akasema, “Kumbe ulinipaka mimi rangi, mdogo wangu.” Sijui kama alicheka kwa furaha. Kisha mjomba akamgeukia, akamwomba radhi kwa maneno ya simu na ya ujira, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu aliye mdogo kwake.

Nilikwangua tundu, bolti na kichwa cha waya mpaka chuma kikang'aa, nikafunga. Nikazirudisha waya za swichi, tukaiwasha injini, tukangoja. Mshale ulipofika mahali pake feni ikaanza yenyewe, baadaye ikanyamaza yenyewe.

Mkono wa kaka ulichukua muda kupona. Siku zote zilizobaki za likizo nilipakia na kupakua magunia kwa niaba yake bila malipo, naye alilipwa ujira wake kamili. Mjomba amekataza rangi isikaribie bolti ile. Imeanza kutu kidogo pembeni, na kila nikienda huisugua kwa msasa.