Sikuwahi kujiunga na chama, chama ndicho kilijiunga na mimi

Wadau, kabla hujaendelea kusoma, fanya kitu kimoja. Ingia eCitizen, tafuta huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa, uangalie wewe ni mwanachama wa chama gani. Najua utasema hujawahi kujiunga na chochote. Hata mimi nilisema hivyo.

Mwaka 2022 shirika moja lilikuwa linatafuta vijana wa kuangalia uchaguzi wa Agosti huku kwetu Isiolo Kusini. Nilikuwa chuo bado, lakini kwa uzi tu. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa mzee, na hao ng'ombe ndio walikuwa karo yangu. Posho ya uangalizi nilishaipigia hesabu hadi shilingi ya mwisho. Sharti lilikuwa moja: usiwe mwanachama wa chama chochote. Wiki moja baadaye nikapigiwa simu kwamba jina langu limetolewa. Kumbe mimi ni mwanachama, tena wa chama ambacho hata rangi zake nilikuwa nachanganya na za kingine.

Sitawadanganya kwamba hiyo posho ingeniweka chuoni. Deni lilikuwa kubwa kuliko hiyo, na mwishowe niliacha tu. Lakini kitu kinachoniuma ni hiki: kitambulisho changu nilikipata kwa jasho. Mnaotoka huku mnajua. Ulikuwa unapigwa msasa, unaulizwa babu yako ni wa ukoo gani, alizaliwa kisima gani, wazee wamekaa wanakuangalia kama umeiba. Miezi ilikuwa inapita serikali ikijiuliza kama wewe ni Mkenya kweli. Halafu chama kinakuandikisha bila hata kukuuliza jina la mama yako. Serikali iliniuliza sana, chama hakikuniuliza kitu.

Nikaanza kujiuliza, mtu wa Sericho ana faida gani kwa chama cha Nairobi? Jibu liko kwa Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, kifungu cha 7. Ili chama kisajiliwe kikamilifu, kinahitaji wanachama wasiopungua 1,000, wapiga kura waliosajiliwa, kutoka zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hivyo ni angalau 24. Nairobi kupata 1,000 ni mchezo. Isiolo yenye watu wachache ni kazi, lazima mtu aje awatafute, aongee nao, arudi. Ama atafute nakala za vitambulisho. Na nakala yangu imepita mikono mingi: fomu za basari, orodha za chakula cha msaada, laini ya simu. Sijui ilitokea kwa mkono gani. Najua tu si mkono wangu.

Na si mimi peke yangu. Juni 2021, Wakenya walipoanza kujiangalia kwa eCitizen, kelele ilisikika nchi nzima. Watu walijikuta kwa vyama ambavyo hawajawahi hata kusikia mkutano wake.

Sasa twende bungeni, kwa sababu miezi michache tu baada ya hiyo kelele, Bunge lilifungua sheria hiyo hiyo. Aliyeubeba mswada ni Amos Kimunya, mbunge wa Kipipiri na Kiongozi wa Wengi wakati huo. Tarehe 29 Desemba 2021, wakati wengine wako likizo, wabunge waliitwa kikao maalum. Mnakumbuka ile video: makonde, na mbunge mmoja kuumia usoni. Januari 5, 2022 wakarudi, wakapiga kura kipengele kwa kipengele mpaka usiku. Upande wa Ruto ulileta marekebisho, yakaangushwa. Seneti ikapitisha Januari 26, na kesho yake Rais Uhuru akatia sahihi.

Walikuwa wanapigania nini? Kikubwa ni kitu kinaitwa chama cha muungano: vyama kadhaa vinaungana na muungano wenyewe unahesabiwa kama chama. Hoja ya upande wa Kimunya nitaisema kwa haki, kwa sababu ina akili. Kenya hatuna chama kinachoshinda peke yake, tunaungana kila uchaguzi. Basi heri makubaliano yaandikwe mapema na yapelekwe kwa Msajili, mpiga kura ajue nani yuko na nani. Wapinzani wakasema sheria imeshonwa kumtosha mtu mmoja, Raila, na Azimio yake.

Ikaishaje? Azimio ikasajiliwa, ikashindwa urais. Kimunya mwenyewe akapoteza kiti Agosti 2022. Vyama vingine ndani ya muungano vikahamia upande wa pili, na Oktoba 2022 Spika Wetang'ula akasema Kenya Kwanza ndiyo wengi. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo ulikiuka Katiba. Siku chache baadaye Spika akatangaza tena Kenya Kwanza ni wengi. Yaani mpaka wabunge wenyewe hatujui wako chama gani, na wao walijiandikisha kwa mdomo wao!

Lakini sheria hiyo iliacha kitu kinachotuhusu sisi. Kwa mchujo wa moja kwa moja, anayepiga kura ni aliye kwa daftari la wanachama. Kwa hivyo hiyo orodha yenye jina langu si karatasi ya kufungia mandazi. Inaamua nani atakuwa debeni.

Babu yangu bado ana kadi ya KANU. Enzi zile chama kilikuwa kimoja kisheria, kuanzia Juni 1982 hadi Desemba 1991, na bila kadi ungesumbuliwa hata sokoni. Nilipomwambia kisa changu alicheka, akasema, "Sisi walitulazimisha, lakini angalau kadi tulipewa mkononi."

Huku Waso tuna dedha. Wazee ndio wanasema nani anachunga wapi wakati wa kiangazi, na mgeni anaomba kabla ya kuingiza mifugo. Hakuna mtu anaweza kutia alama yake kwa ngamia wa jirani halafu aseme ilikuwa makosa ya karani. Atalipa. Mimi nataka tu hivyo: chama kikiandika mtu bila idhini, kilipe, na jina hilo lisihesabiwe kwa ile 1,000. Mbunge atakayesimama kusema hivyo, nitamkatia klipu yake bure.

Nilijiuzulu. Ndiyo, nilijiuzulu kutoka mahali sikuwahi kuingia. Na wewe kama unataka kusimama 2027 kama mgombea huru, Katiba inataka usiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Usingoje uambiwe siku ya kupeleka karatasi.

Ushaangalia? Niambie wamekuweka wapi.